Sikio la Mwanhale

Mashine iliyokuwa na mamlaka ya kusema kama Mwanhale ni mji au ni pori ilizikwa kwenye uwanja wa soko, kina cha kiuno cha mtu mzima, na juu yake kukawekwa kifuniko cha chuma ambacho mbuzi walikipenda kwa sababu kilikuwa na joto. Watu waliiita Sikio. Jina lake la serikalini lilikuwa refu, lakini Mwanhale majina marefu hayakuwahi kukaa. Hata daktari wa mwisho alikuja na majina manne, akaondoka na moja: Bwana Haraka.

Mlinzi wa Sikio alikuwa Holo Ng'wandu, mwanamke wa miaka sitini na miwili, aliyebakiwa na meno karibu yote na maneno yote. Kila asubuhi aliwafukuza mbuzi, akakipangusa kifuniko kwa upindo wa kanga, akafungua kisanduku cha pembeni na kusoma kwenye kioo namba ya mazoezi, hesabu ya kujaribia tu isiyopelekwa Jijini.

"Amka, kiziwi," alikuwa akiliambia. "Watu wanapita."

Zamani, kiwanda cha kuchambua pamba kilipokuwa kikinguruma na treni kusimama mara mbili kwa siku, Mwanhale ilikuwa na vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilivyoshindana kila baada ya mavuno kwa ngoma ya majembe. Mstari mmoja wa wachezaji mia, jembe moja juu, mguu mmoja chini. Na kila chama kilikuwa na mchokozi wake, kazi yake kusimama mbele ya mstari wa wapinzani na kuwatania mpaka mmoja acheke, au akasirike, hatua ipotee. Mchokozi wa Wagika alikuwa Holo. Aliwahi kumliza mwenyekiti wa ushirika mbele ya wakwe zake. Wagalu walikuwa na dawa moja tu dhidi yake: usimsikie, kaza mguu. Walifundishana hivyo tangu utotoni, kama wengine wanavyofundishwa kutogusa moto.

Nahodha wa Wagalu, Lushinge Kwilasa, alikaza mguu misimu minne, wa tano akamwoa. Walikaa miaka kumi na mmoja, wakapata binti, Ngolo, kisha wakaachana. Lushinge alieleza kwamba uwanjani mtu anaweza kumkimbia Holo, lakini nyumba ina mlango mmoja.

Ndiye aliyekuja sokoni Jumatatu ile, siku tatu kabla ya Saa ya Muhuri, ile saa moja ambayo hesabu ya Sikio hupelekwa Jijini, akiwa na kipande cha mkaa mkononi.

"Mwangaluka, Mama Ngolo."

"Mwangaluka. Umekuja kuchora au kula mkaa?"

Lushinge alipiga magoti, yakalia kama kuni mbichi, akaandika kwenye saruji: 402. Chini yake: 361.

"Mwaka juzi tulikuwa mia nne na wawili," alisema. "Nilihesabu mimi, nyumba kwa nyumba. Sikio likasema mia tatu sitini na moja. Limekula watu arobaini na mmoja."

"Labda lilikuwa na njaa."

"Sasa tuko mia tatu themanini na watatu. Likila arobaini na mmoja tena?" Akaandika 342, akaizungushia duara. "Tumekwisha kwa watu wanane."

Sheria ya Miji Hai ilijulikana hata kwa watoto: watu mia tatu na hamsini, mji una pampu yake, muuguzi wake, kituo chake cha treni na kiti chake Barazani. Pungufu ya hapo hakuna kitu. Pampu hung'olewa, na kila mtu hupewa chumba Jijini, kwenye zile ghorofa za juu ambazo wenyeji wenyewe wamezikataa.

"Wazee wetu wanakanyaga kama kuku aliyenyeshewa," Lushinge aliendelea. "Halisikii. Basi tulifanye lisikie. Saa ya Muhuri, badala ya kuzurura uwanjani kama mwaka juzi, tucheze. Majembe. Wote, Wagika na Wagalu, mstari mmoja. Nimeshaongea na Masele, nahodha wenu, amekubali. Hebu fikiri. Haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe."

Aliinua uso kungoja dhihaka. Ilichelewa.

"Magoti yako hayatafika mwisho wa wimbo," Holo alisema hatimaye.

"Yatafika."

"Tutembee tu, Baba Ngolo. Kila mtu na njia yake. Waambie wazee wasitembee karibu na wake zao."

Lushinge alicheka mpaka akashika mbavu. "Hilo wewe umelitimiza miaka thelathini," alisema, akaondoka akivuta mguu, mkaa ukiwa sikioni kama penseli ya seremala.

Holo hakuwa amemtania. Alikuwa amemwambia kadiri alivyothubutu.

Walinzi wote wa Sikio walipelekwa Jijini wiki mbili kufundishwa. Huko Holo alijifunza kwamba Sikio halisikilizi kishindo. Linasikiliza tofauti. Kila mtu ana mwendo wake: huyu anaburuza kisigino, yule anatangulia kidole, mwingine amebeba mtoto mgongoni miaka mingi hivi kwamba hata mtoto akikua bado anaegemea mbele. Sikio huzipambanua hatua hizo kama mama anavyopambanua vilio. Lakini mji mmoja wa kusini ulikuwa umefunga michi arobaini kwenye mtaimbo mmoja unaozungushwa na punda, ikatwanga ardhi, na toleo la tatu la Sikio likaandika kwamba wamezaliwa raia arobaini. Jijini watu waliandamana. Ndipo likaja toleo la nne, lenye kanuni moja ya ziada: vinavyoanguka pamoja, kwa uzito mmoja na mpigo mmoja, si watu. Ni mashine, na mashine huhesabiwa moja.

"Binadamu hawakubaliani kiasi hicho," mwalimu alisema, kijana mwenye viatu vyeupe, na darasa zima likaandika.

Holo alikuwa ametambua wale arobaini na mmoja waliopotea. Wengi wao walikuwa wanandoa wa miaka mingi, waliozoeana mpaka wanatembea kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Alitaka kuwaambia. Lakini mlinzi huapa kutosema jinsi Sikio linavyohesabu, na adhabu haimwangukii yeye, inauangukia mji. Mwamashele, vituo viwili upande wa mashariki, mlinzi alimwambia mkewe, mkewe akawaambia waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa treni ilipita bila kupunguza mwendo.

Na hao Mwamashele walikuwa watu wa siri, ukiwalinganisha na Mwanhale.

*

Afisa wa Jiji aliyetumwa kusimamia Muhuri alishuka Jumanne mchana. Jina lake Nuhu Mwinjaka, kijana mrefu mwenye begi jembamba na heshima nyingi. Kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imebaki na kuta tu, alilala kwa Holo. Holo alimwandalia michembe na karanga, akamwangalia akitafuna vile viazi vikavu kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni.

"Utamu wake uko mbele," Holo alimwambia. "Ukikata tamaa mapema umekula ubao."

Nuhu alicheka. Baadaye, wakiwa barazani na ngoma ikisikika toka sokoni, aliuliza wanafanya nini.

"Wanajiandaa kucheza Alhamisi."

"Wakati wa Muhuri?" Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akageuzia macho kwenye karanga. Alikuwa anajua. Bila shaka alikuwa anajua.

"Nikuulize, mwanangu. Mtu akiwaambia waache, ukasikia, utafanya nini?"

"Mtu au mlinzi?"

"Tuseme mlinzi."

"Nitaandika, mama." Alisema bila ukali. "Nikisikia nitaandika. Nisipoandika, yupo anayenisikiliza mimi."

"Hata kama huo mji una watu? Wazima, wanaopumua, wanaokulisha michembe?"

Nuhu aliweka kikombe chini. "Mtaa wetu una watu elfu sitini na kiti kimoja Barazani. Ninyi mia tatu na ushee, kiti kimoja. Mama yangu anaishi ghorofa ya thelathini na moja. Maji yanakuja Jumatano. Bomba likikohoa bila kutoa kitu anasema, wale wa mashambani wamepiga kura tena."

"Mwambie bomba lake linapita nyuma ya choo changu, kutoka ziwani, na hatujawahi kuchota hata la kunawa. Dengu tunalima sisi, mnakula ninyi. Pamba tulilima sisi, mkavaa ninyi. Watoto tunazaa sisi, mnawachukua ninyi."

"Watoto hatuwachukui, mama. Wanakuja wenyewe."

Hapo Nuhu alimpata. Ngolo alikuwa amekwenda mwenyewe, miaka tisa iliyopita, akiimba. Hata barua ya kumwomba aje kwa wiki moja tu alikuwa ameijibu kwa upole: Mama, kwani mnangojea nini huko?

Holo alizoa maganda ya karanga. "Kula," alisema. "Mama yako asije akasema tumekunyima na chakula."

*

Holo akaamua kufanya anachokijua.

Jumatano asubuhi alijifunga kanga mbili, akaenda kusimama mbele ya mstari. Walikuwa mia tatu na zaidi, wazee kwa vijana, majembe mabegani, wakijikwaa na kugombana kwa furaha. Wagika walikuwa wanatanguliza kushoto, Wagalu kulia. Ilikuwa fujo tamu kuliko fujo zote alizowahi kuona, na kama Muhuri ungekuwa saa ile Sikio lingewasikia wote, hata waliojificha.

Ingetosha kuwaacha. Hilo alikuja kulielewa baadaye, akalielewa vizuri sana, kila siku. Lakini alimwona Lushinge akipita kwenye mstari akiwasahihisha mmoja mmoja, na hatua zikaanza kukaribiana, roho ikamruka.

"Mnaita hii ngoma?" aliwapigia kelele. "Nimeona ng'ombe wakishuka kuoga dawa wana mpangilio kuliko ninyi. Masele, huo mguu umeazima wapi? Urudishe kwa mwenyewe. Wewe Kabula, jembe linakucheza wewe."

Watu wakaangua kicheko. Kabula alikosa hatua, aliye kando yake akakosa, mstari ukayumba. Moyo wa Holo ukatua. Akaendelea. Alimtania mchungaji kwa kipara chake na wapenzi wawili kwa kutazamana. Alifanya kazi kama alipokuwa na miaka ishirini, jasho likimtoka.

Kisha Lushinge akapaza sauti kutoka katikati. "Wagika, mnaona? Huyu mlikuwa mkimtuma kwetu. Miaka yote hiyo. Sasa nitawapa dawa yetu. Msimsikie. Kazeni mguu."

Wakakaza. Hatua kumi zilivurugika, ya kumi na moja ikawa nzuri. Kadiri alivyowatukana ndivyo walivyonyooka, kwa sababu hakuna kinachowaunganisha wapinzani wawili kama kumpata wa tatu. Kufikia adhuhuri majembe mia tatu yalikuwa yanapanda na kushuka kama kope za jicho moja. Wanawake waliokuwa kando walifuta machozi. Mzee mmoja alisema sasa anaweza kufa, akaambiwa asubiri hadi Ijumaa, kwanza ahesabiwe.

Alhamisi kulipopambazuka Holo alikwenda kwa Lushinge. Alikuwa ameamua kumwambia yeye tu. Njia nzima alipanga maneno. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha uvivu, akijipaka mafuta ya ng'ombe magotini.

"Umekuja kunivunjia faragha?"

"Nimekuja na neno."

"Ngoja nikupe la kwangu kwanza, maana lako litaniharibia siku." Aliendelea kusugua goti. "Tangu jineri ya pamba ifungwe, Mama Ngolo, sijawahi kuamka nikiwa na kazi. Miaka kumi na tisa. Naamka, najiuliza, leo nani ananihitaji? Mbuzi. Leo nimeamka saa kumi mwenyewe." Akamwangalia. "Haya, niharibie."

Kutoka nyumba ya jirani alisikika mtu akiimba wimbo wa zamu ya kiwanda, ambao haukuwa umeimbwa tangu mashine zipakiwe kwenye behewa. Ukuta wa hapo ulikuwa wa mabati, na aliyeimba alikuwa dada yake Lushinge, mwanamke ambaye habari ilimkaa mdomoni kama maji kwenye tenga. Kumwambia mmoja kulikuwa kuwaambia mia tatu themanini na wawili, na Nuhu alikuwa ameshaamka, anatembea sokoni.

Alijiambia hivyo. Alijiambia pia kwamba huenda mashine si mjinga kiasi hicho, kwamba watu wazima mia tatu hawawezi kweli kukanyaga kama mmoja, mzee fulani atachoka, mtu atapiga chafya.

"Paka na la kushoto," alisema. "Ndilo linalolia."

*

Saa sita kamili kisanduku kililia mara moja, kioo kikafuta namba zote, Saa ya Muhuri ikaanza. Nuhu alisimama upande mmoja wa kifuniko, Holo upande mwingine. Ngoma ikapigwa.

Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na hiyo ndiyo sehemu aliyoshindwa kujisamehe: kwamba kwa dakika kadhaa alisahau. Waliingia kutoka njia ya kituo, Wagika na Wagalu wakiwa wamechanganyika, majembe yakimeta, na ardhi ikapokea mguu wao kama ngozi inavyopokea mkono. Hapakuwa na mzee wala kijana. Watu waliokuwa wakiishi kwa kuegemea ukuta walikuwa wanainama na kuinuka. Vumbi lilipanda, likakaa usawa wa kiuno, halikupata nafasi ya kutua.

Kisha akatazama kioo.

Watu: 26. Mashine: 1.

Wale ishirini na sita walikuwa watoto waliokimbiakimbia kando, muuguzi aliyezungusha maji, wagonjwa wachache, na Holo mwenyewe. Alingoja. Robo saa ikapita, nusu ikapita. Hakuna aliyechoka. Hakuna aliyepiga chafya. Zilipobaki dakika kumi na nne kioo kilikuwa bado kinasema vilevile, na Holo akasikia sauti yake ikitoka bila ruhusa.

"Acheni kucheza pamoja. Nawaambieni kweli, vurugeni hatua, linawahesabu kama mashine. Lushinge, nasema kweli."

Alipaza tena. Alisema yote, kanuni, toleo la nne, michi ya kusini, mbele ya afisa aliyesimama hatua mbili kutoka kwake. Mstari wa mbele ulimtazama kwa macho ya mapenzi. Lushinge alitabasamu, akainua kidevu, na mia tatu wakakaza mguu.

Basi akaingia kwa mikono. Alimshika Kabula kiunoni akamtoa mstarini, Kabula akijitahidi kuachiliwa, akikanyaga ovyo.

"Ishirini na saba," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Nuhu. Alikuwa amepiga goti kwenye kisanduku, hatazami mtu, anasoma kioo kwa sauti ya chini.

Holo akamvuta mchungaji. "Ishirini na nane." Akamvuta mke wa Masele. "Ishirini na tisa. Dakika tisa, mama." Kila aliyemtoa alizaliwa pale kwenye kioo, kisha akarudi mbio mstarini akicheka, maana mchokozi wa kushika kwa mikono ilikuwa mpya, na hakuna aliyetaka kuwa yule aliyeshindwa siku ile. Masele alimpiga kikumbo. Akaanguka, akainuka, akamvuta mwingine. Thelathini na mbili. Pumzi ikamkatika. Thelathini na tatu. Akashika bega la kijana mmoja, kijana akamzungusha kwa adabu, akamweka chini nje ya mstari kama anayehamisha kigoda.

Kisanduku kikalia.

Watu: 34. Mashine: 1. Namba zikageuka nyekundu, zikabaki hivyo, na Nuhu akasema kwamba zimeshafika Jijini. Alifungua kijitabu chake kwenye ukurasa wa mlinzi, akaandika kitu kifupi, akakigeuza Holo aone. Palikuwa pameandikwa: Mlinzi hakusema lolote.

"Sikusikia kitu, mama," alisema. "Kulikuwa na ngoma."

Pengine ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Haikubakisha pampu.

Watu walimzunguka, wamelowa, wakicheka, wakishikana mabega. Lushinge alipenya kati yao akichechemea. Magoti yalikuwa yamefika mwisho wa wimbo.

"Miaka yote," alisema, akihema. "Umetutukana, umetuvuta mpaka nguo. Mguu haukupotea. Kubali."

"Nakubali."

"Na Sikio? Limesikia?"

Holo aliketi kwenye kifuniko cha chuma.

"Nilijua tangu Jumatatu," alisema. "Tangu ulipopiga yale magoti hapa. Nilijua itakuwaje, nikanyamaza."

Kicheko kikapita katika umati, kwa sababu walimjua, na walingoja mkia wa utani. Holo akawaonyesha kioo. Masele akasoma namba kwa sauti, akauliza sisi wengine tumeandikwa wapi. Ndipo akaanza kueleza, toka mwanzo, jinsi Sikio linavyohesabu: habari za kisigino, za kidole, za mama na vilio, za michi na punda. Alieleza polepole, bila mzaha, na kila alipofika mahali pagumu alirudia, ili kila mtu aelewe vizuri. Lushinge alikuwa bado ameshika jembe begani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.